Pangani: Nyumba za Wenye Vinu vya Miwa

Mkazi wa Mchikichini, aliyezoea kuona nyumba za zamani za Kariakoo zikivunjwa ili ghorofa zipande, akifika Pangani mkoani Tanga hushangaa. Kando ya mto zingali zimesimama nyumba za mawe na chokaa za karne ya 19, zenye mabaraza, milango ya nakshi na boriti za mikoko. Nyingine zimesalia kuta tu.

Utajiri uliozijenga ulitokana na pembe za ndovu, kisha sukari. Juu ya mji, katika bonde la mto, matajiri wa Kiarabu walilima miwa na kuweka vinu vya kuikamua. Mmoja wa wenye mashamba hayo alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi.

Agosti 1888, wakala wa kampuni ya Kijerumani, Emil von Zelewski, alikuja kuutwaa mji, hata msikiti ukaingiliwa kwa viatu na mbwa. Watu wakainuka, na Abushiri akawa kiongozi wao. Mwaka uliofuata majeshi ya Wissmann yaliuteka mji, na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri akanyongwa papo hapo Pangani. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy aliitungia vita hiyo utenzi.

Tunamsifu kwa ushujaa wake, naye anastahili. Lakini uadilifu hautaki tuseme nusu. Miwa ile ilikatwa na watumwa, na mwaka 1873 watumwa wa mashamba hayo waliasi na kutoroka. Kuhusu Boma la kale, ambalo husemekana lilianza kuwa makazi ya tajiri wa Kiomani, wenyeji husimulia kwamba chini ya nguzo zake walizikwa watumwa wangali hai. Hata ikiwa ni simulizi tu, inatuonyesha kwamba uchungu ule haujasahauliwa. Nasi ni umma uliofundishwa kuwa kumwacha huru mtumwa ni ibada.

Chumvi ya bahari na mvua zinazila kuta hizo. Zikarabatiwe kabla hazijaanguka, maana zikitoweka tutabaki na maneno matupu. Nawe msomaji, ukijaaliwa safari, wachukue wanao. Waonyeshe mlango wa tajiri, kisha uwaeleze ni mikono ya nani iliyoubeba utajiri wake.