Paka ikibadilika ghafula

Hapa Kasha watu wengi wanafuga paka kwa sababu ya panya. Ya kwetu ilikuwa pole sana. Siku moja ikaanza kujificha chini ya kitanda, ikakataa ndagala, na mdogo wangu alipoigusa ikamuuma mkono. Jirani akasema: "Balisha iroga ile paka! Muiue leo."

Papa akakataa. Akaosha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha akampeleka mtoto kwa munganga siku ile ile. Kwa maana kichaa cha mbwa kinashika paka vilevile, na dalili zikisha kuanza katika mtu, karibu wote wanakufa. Lakini chanjo ya mapema inaokoa, tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto mmoja kule Ufaransa mwaka 1885.

Munganga akaanza chanjo, akaomba paka ifungiwe na kuangaliwa siku 10. Ikibaki nzima siku hizo, basi haikuwa na kichaa ilipouma.

Siku ya tatu jipu likapasuka shingoni mwake: ilikuwa imepigana na paka ingine. Kumbe ilikuwa inaficha maumivu tu! Siku ya kumi ilikuwa inakula vizuri.

Basi ndugu, paka ikibadilika, tusiulize nani ameiroga. Tuulize inaumwa wapi. Na ikiuma mtu, hata kidogo, sabuni na munganga kwanza.