Mchanga Ni Mpaka wa Bwana

Somo la leo ni Yeremia 5:22. Fungua Biblia yako usome mwenyewe, maana hapo kuna neno ambalo sisi watu wa Pwani tumelipita mbio: ni Mungu aliyeuweka mchanga uwe mpaka wa bahari. Mchanga! Si ukuta wa simiti. Mawimbi yanakuja na kelele zake zote, yanaufikia, yanarudi.

Sasa niulize swali ambalo huenda likanikosanisha na watu. Ule mchanga tunaobeba kwa lori usiku ili tukajengee ploti, ni wa nani? Na mikoko tunayokata iwe kuni na boriti?

Mzee mmoja wa kanisa, ninayemheshimu sana, ameniambia, "Pasta, bahari kula ardhi ni dalili. Luka 21 ilishasema. Mambo ya miti waachie serikali, sisi tuombe." Nikamjibu kwa upole: Mzee wangu, ni Luka huyo huyo, sura ya 12, anayetusimulia habari za msimamizi ambaye bwana wake alirudi akamkuta kazini. Hakumkuta amepanda juu ya paa kutazama barabara. Naye Nehemia, sura ya 4, aliomba na papo hapo akaweka walinzi mchana na usiku. Maombi na zamu, vyote viwili.

Nasema kwa uchungu. Kule Kipini, mto Tana unapoingia baharini, maji yamekula nyumba za watu. Hapa kwetu Kwale kuna dada wa kanisa hili ambaye kisima alichoachiwa na babake kimeingia chumvi. Maji yake anafulia tu, ya kunywa ananunua kwa mtungi. Huyo usimwambie avumilie mpaka parapanda ilie.

Na wa kutufundisha hawako mbali. Nendeni Gazi. Msitu wa pale ulikatwa sana miaka ya 1970 kwa kuni za viwandani, sehemu zingine pakabaki tope tupu. Kuanzia 1991 watafiti wa KMFRI wakapanda upya pamoja na wanakijiji. Mwaka 2013 Gazi na jirani zao wa Makongeni wakaanzisha Mikoko Pamoja, hekta 117. Wanalinda miti, wanauza kaboni inayofyonzwa na miti hiyo, na pesa zinaingia kwenye miradi ya maji na shule. Mizizi inavunja nguvu ya wimbi, inashika tope, na samaki wadogo wanakulia humo, ndiyo kusema hata mvuvi ana fungu lake. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Wengi wao ni jirani zetu Waislamu. Mwanzo 2:15 wameitenda kuliko sisi tunaoihubiri. Nimesema.

Lakini kupanda kuna maarifa yake. Usichomeke mche popote kisha upige picha. Mbele kabisa, kuelekea bahari, ni mahali pa mlilana. Mkoko wenyewe unapenda nyuma kidogo. Mkandaa uko nyuma zaidi. Ukiutanguliza mkoko mbele, wimbi linaung'oa, na mwakani utasema shetani amekupiga vita. Waulizeni wazee wavuvi, wanajua.

Kwa hivyo mfungo wa Ijumaa uko palepale. Jumamosi tunaenda mikokoni, na tutafuata maji, si saa: yakipwa tu, tunaingia. Wanakijiji wanaolinda ule msitu watatuonyesha pa kupanda, na tuwasikilize. Vaa viatu vya mpira, beba maji ya kunywa. Kina mama wa kwaya, leso mbili mbili, ile tope haina huruma.

Na wewe ndugu mwenye lori, unajijua. Sitakutaja madhabahuni. Niandikie faraghani, tuongee kabla ya Jumapili.