Kutoka Lunyo Kuiona Misitu Mitatu

Gombolola ya Lunyo iko kusini mwa wilaya ya Busia, mashariki ya Uganda, jirani na Ziwa Victoria na si mbali na mpaka wa Kenya. Wakazi wake ni wakulima wa muhogo, mtama na mahindi, na wengine ni wavuvi waendao Majanji. Mtu akisimama pale na kutazama pande zote huona mashamba, vichuguu na miembe. Msitu mkubwa hauoni. Hata hivyo Lunyo imezungukwa na misitu mitatu mashuhuri: Kakamega upande wa mashariki, Mlima Elgon upande wa kaskazini, na Mabira upande wa magharibi. Hakuna hata mmoja ulio mbali kupita mwendo wa siku moja kwa gari.

Wataalamu wa miti wanatufahamisha kwamba misitu ya mvua ya Kongo ilipata kuenea hadi magharibi ya Kenya, na kwamba Kakamega ndio mkia wake wa mwisho upande wa mashariki. Kati ya Mabira na Kakamega mkanda huo umekatika. Busia na Tororo ziko katika pengo hilo. Masalio kama Msitu wa West Bugwe, upande wa Busitema, yamepungua sana kwa kuni, makaa na mashamba. Kwa hiyo jamaa ya Lunyo inayofunga safari kuiona misitu mitatu huenda kuona mali iliyopata kuwa jirani ya mababu zao, na ambayo yaweza kutoweka hata kule iliko sasa.

Safari hii yataka siku sita, nazo zatosha katika likizo ya askari. Jambo la kwanza ni ruhusa. Askari wa Jeshi au wa Polisi havuki mpaka ila kwa idhini ya mkuu wake, na havuki na sare wala silaha. Jambo la pili ni hati. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wameruhusiwa kusafiri baina ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Lakini watoto wasio na kitambulisho hapana budi watafutiwe hati mapema. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano isisahaulike. Mwenye gari lake ahakikishe kwamba bima yake inafaa katika nchi zote mbili. Jambo la tatu ni majira. Mvua kubwa hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na nyingine huja tena baada ya Septemba; miezi ya Desemba na Januari ndiyo bora, kwa kuwa njia za msituni huwa kavu na watoto wako nyumbani.

Siku ya kwanza ni ya kuvuka Busia. Zamani msafiri alipanga foleni upande wa Uganda, kisha akaenda kupanga nyingine upande wa Kenya. Kituo cha pamoja kilichofunguliwa rasmi na marais wa nchi hizo mbili mwezi Februari 2018 kimeondoa taabu hiyo, maana maofisa wa pande zote hukaa chini ya paa moja. Inafaa watoto waelezwe kwamba mpaka huu haukuwako daima mahali hapa. Hadi mwaka 1902 nchi ya upande wa pili ilihesabiwa kuwa Uganda. Ndipo Waingereza walipoikata na kuitia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Wasamia wakabaki huku na huku, lugha yao ikiwa moja. Hata jina la bodaboda lilizaliwa katika mipaka hii, kwa waendesha baiskeli waliobeba watu kutoka boda hadi boda.

Kutoka Busia barabara ya lami hupita Mumias, nchi ya miwa, mpaka Kakamega; yote ni chini ya kilomita 100. Msitu wa Kakamega umehifadhiwa kisheria tangu 1933. Mwaka 1985 sehemu yake ya kaskazini, iitwayo Buyangu, ikafanywa hifadhi ya taifa yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 45. Lango lake liko kando ya barabara iendayo Webuye. Viingilio huko hulipwa kwa simu au kadi, si kwa fedha mkononi. Yafaa msafiri alitengeneze jambo hilo kabla ya kufika. Raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiasi kidogo kuliko wageni wa mbali.

Siku ya pili jamaa iamke alfajiri na kupanda Kilima cha Buyangu pamoja na kiongozi. Ukungu ukipanda juu ya miti, ndipo mbega weusi kwa weupe huonekana wakiruka matawini, na hondohondo husikika wakipiga mabawa. Wamo kima wa namna kadhaa, vipepeo wa mamia ya aina, na ndege wa aina zaidi ya 300. Mtoto afundishwe kunyamaza, kwani msitu haumwoneshi kitu mwenye makelele.

Siku ya tatu njia hupita Webuye na Bungoma, huvuka Malaba na kuingia Tororo, ambako jiwe kubwa la mji huonekana tangu mbali. Kilomita 45 hivi mbele yake uko mji wa Mbale, chini ya Mlima Elgon. Siku ya nne ni ya mlima. Katika safari hii Elgon peke yake ndio mbuga ya taifa kwa maana kamili. Upande wa Kenya ilitangazwa 1968 na upande wa Uganda 1993. Kilele chake, Wagagai, kina mita 4,321, na kukifikia kwataka siku kadhaa na kifua chenye nguvu. Jamaa yenye watoto yatosha iende Sipi, kiasi cha kilomita 50 kutoka Mbale, ikaone maporomoko matatu ya maji, ambayo kubwa lake hukaribia mita 100. Karibu na hapo, Kapkwai, zipo njia fupi za kutembea ndani ya msitu pamoja na askari wa mbuga. Baridi ni kali usiku; kila mmoja awe na sweta na blanketi.

Hapa Elgon ndipo pa kutua na kufikiri. Mito ya Malaba na Malakisi hutoka katika mlima huu, na maji yake huwafikia watu wa Tororo na Busia. Miteremko iliyovuliwa miti haishiki udongo. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka Bududa, ukafukia vijiji na mamia ya watu. Oktoba 2018 maafa yakarudi, watu makumi wakafa. Walakini wakulima wa mlimani nao wana haja ya ardhi, na ugomvi wa mipaka kati yao na mbuga umedumu miaka mingi. Si haki kuwalaumu kabla ya kuona mashamba yao yalivyobanana.

Siku ya tano barabara ya Tirinyi huteremka katika mabwawa ya mafunjo na mpunga, ikapita Iganga hadi Jinja. Daraja jipya la Nile, lenye urefu wa mita 525, lilifunguliwa Oktoba 2018. Ng'ambo yake ndiko uliko Mabira, hifadhi ya msitu yenye kilomita za mraba 300 hivi, iliyopasuliwa na barabara ya Kampala. Mwaka 2007 ulikuwapo mpango wa kutoa zaidi ya hekta 7,000 za msitu huu zilimwe miwa. Wananchi wengi walipinga, ghasia zikazuka Kampala mwezi Aprili, na roho za watu zikapotea; mpango ukasimamishwa. Msafiri akiisha kuiona miwa ya Lugazi ikifika karibu na miti, hahitaji kuelezwa zaidi. Pale Najjembe wachuuzi hukimbilia magari na kuku wa kuchoma na gonja; watoto watafurahi. Siku ya sita ni ya kurudi nyumbani kupitia Bugiri.

Kwa mama anayefunga mizigo: achukue chandarua, dawa za homa na za tumbo, maji yaliyochemshwa, mihogo iliyokaushwa na karanga, viatu vya kufunga, na nguo za mikono mirefu. Asiye na gari asivunjike moyo. Matatu na teksi hufika kila mji uliotajwa hapa, na pikipiki humalizia njia. Haba na haba hujaza kibaba: mwenye kuweka akiba kidogo kila mwezi tangu Januari atakuwa tayari Desemba. Akirudi Lunyo na apande miti kando ya boma lake, watoto wakimsaidia, kwa kuwa sasa watajua miti hiyo yaweza kuwa nini.