Ngwe za Laxton

Kijiji cha Laxton kimo katika mkoa wa Nottinghamshire, katikati ya Uingereza, na msafiri ashikaye barabara kuu iendayo kaskazini hukipita asijue kama kipo, maana kwa sura ni kijiji kama vijiji vingine vya upande ule: kanisa la mawe lenye mnara, nyumba za matofali mekundu zilizoezekwa vigae, njia moja iliyopinda, na udongo mzito mwekundu ushikao viatu mithili ya ulimbo. Mimi nilifika huko mara ya kwanza mwishoni mwa Novemba 1962, nikiwa kijana wa miaka 26, mwanafunzi wa ukulima huko Sutton Bonington, kusini ya mkoa uo huo. Na sababu ya kwenda ni kwamba mwalimu wangu mmoja, aliyejua nilikotoka na kazi niliyokuwa nikiifanya kabla ya kuvuka bahari, alinishauri nikaangalie namna ya kugawana mashamba iliyokwisha toweka karibu kila mahali katika nchi ile.

Yanipasa nieleze kazi hiyo, kwa kuwa bila ya kuijua, msomaji hatafahamu kwa nini siku moja ya baridi katika konde la watu nisiowajua imekaa moyoni mwangu miaka sitini. Nimezaliwa Mambrui, kaskazini ya Malindi, na katika utoto wangu ardhi ya kulima ilipimwa kwa kamba. Lugha yetu imeihifadhi habari hiyo katika neno moja: ngwe ni kamba nyembamba, na ngwe ni kile kipande cha konde kilichopimwa kwa kamba ile, akapewa mtu alime. Lakini nilipomaliza skuli nilifundishwa na wakubwa wangu wa kazi kuwa vipande ni umaskini. Mwaka 1957 niliajiriwa kuwa msaidizi wa mabwana shamba katika wilaya ya Nyeri, nchi ya Wakikuyu, wakati Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliposhika kasi, na kazi yetu ilikuwa kuvipima vipande vyote alivyokuwa navyo mtu, kimoja mgongoni mwa kilima, kimoja ubavuni, kimoja bondeni penye maji, kuvijumlisha katika daftari, kisha kumpa shamba moja tu lenye eneo sawa na jumla ile, na hati juu yake.

Niliiamini kazi hiyo kwa moyo safi. Nilivuta mnyororo wa kupimia, nikapigilia vigingi, na pale penye mpaka wa kale niling'oa itoka, yale mayungiyungi ambayo Wakikuyu huyapanda mipakani na ambayo kwao yana heshima kubwa kuliko ukuta. Bibi mmoja mzee, ambaye katika kipande chake cha bondeni alikuwa akipanda magimbi, yaani nduma kama waitavyo huko, alinifuata siku nzima kutoka kigingi hadi kigingi, hasemi neno, na jioni aliniuliza kwa Kiswahili chake kidogo kama lile shamba jipya la juu litamwotea nduma mwaka ambao mvua itachelewa. Nilimjibu kuwa serikali imekwisha kulipima. Jibu hilo lilinitosha wakati ule. Na zama zenyewe zilikuwa za Hali ya Hatari, wengi wa waliokuwa na haki ya kusema walikuwa vizuizini, na sisi tuliokuwa na mnyororo mkononi tulidhani kunyamaza kwa watu ni kuridhika kwao.

Basi niliposhuka katika basi Laxton siku ile ya Alhamisi, nikakaribishwa na mkulima mmoja mtu mzima pamoja na mkewe, nikapewa chai na viatu vya mpira, nilichokiona kilinifanya nisimame kimya njiani. Mashamba makubwa matatu, yaitwayo West Field, South Field na Mill Field, hayakuwa na ua wala uzio ndani yake. Yalitandaa wazi mpaka upeo wa macho, nayo yamegawanywa ngwe ndefu, ngwe baada ya ngwe, na kila mkulima wa kijiji alikuwa na ngwe zake zimetawanyika katika mashamba yote matatu, hii hapa, ile kule, zikipakana na za jirani zake bila ya kitu cha kuzitenga illa mfuo wa plau na kigingi mwanzoni na mwishoni. Nyumba za wakulima zote ziko kijijini, zimejipanga kando ya njia, na mazizi na maghala yao nyuma yake, kwa maana mtu ambaye ardhi yake iko kila upande hana sababu ya kuhamia upande mmoja. Ndiyo sura ile ile tuliyokuwa tukiifuta Nyeri.

Nilimwuliza mwenyeji wangu, kwa taratibu nisije nikamkosea adabu, kama hawaoni taabu kwenda huku na huku. Akanichukua mpaka ukingo wa shamba akanionyesha kwa fimbo. Kule chini, alisema, maji hutuama mpaka Machi na ngano huoza mizizi. Huku juu, mwaka wa jua kali, udongo hupasuka mtu akaingiza mkono. Mwenye ngwe pande zote hapati mavuno makubwa kuliko wenziwe mwaka wowote, lakini hakuna mwaka anaokosa kabisa. Nikamkumbuka bibi wa nduma, na sikuweza kunena.

Ilisadifu siku yenyewe ni siku ya ukaguzi. Kila mwaka lile shamba ambalo zamu yake ni ngano, baada ya mbegu kuota, hukaguliwa na wakulima kumi na wawili, ambao sisi wa pwani tungewaita wazee wa baraza, wakiongozwa na mkubwa wao. Nao hupanda tela nyuma ya trekta, na vigingi vipya na nyundo, wakazunguka mipaka yote kuangalia kama yuko aliyelima akaingia katika ngwe ya mwenziwe, au katika njia ya wote, au katika yale mabonde membamba yenye majani yaitwayo sykes, ambayo hayalimwi kamwe na majani yake huuzwa kwa mnada wakati wa kiangazi. Kwa kuwa mashamba ni matatu, na yanapokezana ngano, mazao ya masika kama shayiri na maharage, kisha mwaka wa kupumzika, kila shamba hukaguliwa mara moja katika miaka mitatu. Nami nilipanda tela hilo. Upepo ulikuwa ukikata masikio, ngano imechipua kiasi cha kidole, na pahala pamoja wale wazee waliteremka, wakatazama, wakapima kwa hatua na kwa jicho, wakakubaliana kuwa plau imemega ukingo wa majani kiasi cha shubiri mbili. Mwenye ngwe ile alikuwa mmoja wao, amesimama papo hapo. Hakuna aliyepaza sauti. Alishika kigingi yeye mwenyewe, wakanipa mimi nyundo, nami nikakipigilia.

Juma la pili yake nilirudi kuona baraza lenyewe, Court Leet kama liitwavyo, likikutana katika nyumba ya wageni ya Dovecote Inn, na nikamwona bwana yule akitozwa faini ndogo, akailipa, wakaendelea na shauri jingine. Msimamizi aliyeketi mezani alikuwa pale kwa niaba ya mwenye milki. Na nilipouliza mwenye milki ni nani, nikaambiwa ni Wizara ya Kilimo, iliyoinunua ardhi hiyo mwaka 1952 kutoka kwa Earl Manvers kwa kusudi la kuihifadhi desturi hii isipotee. Mwaka 1952! Mwaka ule ule ambao mwezi wa Oktoba serikali ya Uingereza ilitangaza Hali ya Hatari katika Kenya, nchi ambayo kiini cha ugomvi wake ni ardhi. Na haikupita miaka miwili serikali hiyo hiyo ikatuwekea mpango wa kuviunganisha vipande vyetu. Sikuona, wala sioni hata leo, kama waliokata mashauri hayo mawili walipata kuonana. Lakini mimi niliyaona yote mawili kwa macho yangu, na kwa mikono yangu nilipigilia vigingi vya yote mawili, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika.

Tangu siku hiyo nilianza kuitafuta tarehe ya kijiji kile. Jina lake limeandikwa katika Domesday, daftari la nchi alilolifanya mfalme William mwaka 1086. Kaskazini ya kanisa yapo matuta ya ngome ya Wanormandi, sasa yameota majani na hulishwa kondoo, na kutoka ngome hiyo wasimamizi wa msitu wa Sherwood walitoa amri zao. Ndani ya kanisa wamelazwa watu wa ukoo wa de Everingham kwa sanamu za mawe, pamoja na sanamu ya mwanamke iliyochongwa kwa mti wa mwaloni, kitu cha nadra sana. Lakini hazina kubwa ni ramani. Mwaka 1635 mpima mmoja, Mark Pierce, aliichora ardhi yote ya Laxton, kila ngwe na jina la mwenyewe, na katika ramani hiyo, iliyohifadhiwa Oxford katika maktaba ya Bodleian, amewachora wakulima wadogo wadogo wakilima na kuvuna na ng'ombe wakila majani. Ngwe zilikuwa zaidi ya elfu mbili. Baadaye, katika karne ya kumi na nane na ya kumi na tisa, Bunge la Uingereza lilipitisha maelfu ya sheria za kuyazungushia mashamba ya namna hii ua na kuyagawa vipande vya pekee, na wanyonge wengi wasiokuwa na hati wakapoteza malisho na kuni walizozizoea. Laxton ikaponea chupuchupu.

Wala nisimdanganye msomaji kwamba Laxton haikubadilika. Katika ramani ya 1635 mashamba ya wazi ni manne, leo ni matatu, na eneo lililosalia halifiki ekari 500. Mwanzoni mwa karne ya ishirini mwenye milki aliziunganisha ngwe zilizokuwa nyembamba mno, hata idadi yake ikapungua sana, nazo zikapata upana wa kupitisha mashine. Mwaka wa kupumzika sasa hupandwa majani ya mifugo. Kuunganisha ngwe basi na wao waliunganisha. Ila walikomea pale ambapo kila mkulima alibaki na sehemu yake katika kila shamba, na baraza likabaki na neno juu ya yote.

Nilirudi mwaka 1983, nikiwa nimekwisha kuwa bwana shamba mkubwa katika Kenya huru, na mwenyeji wangu alikuwa amefariki. Miaka miwili nyuma yake wizara ilikuwa imeikabidhi milki kwa Crown Estate, na mjane wake alinihadithia hofu waliyoipata siku hizo, jinsi walivyokaa wakiulizana usiku kama mwenye kununua atapenda kukaa na desturi ambayo haimletei faida kubwa. Jambo moja liliwapa nguvu: sheria ya mwaka 1977, iliyoziondolea mahakama nyingi za kale mamlaka yao, ililiachia baraza la Laxton lake. Mama yule alikuwa akiitaja sheria hiyo kama mtu atajaye jina la jamaa.

Mara ya tatu ilikuwa 2022, nikiwa na mjukuu wangu aishiye Leicester. Milki ilikuwa imeuzwa tena, mwaka 2020, safari hii kwa Thoresby Estate, ya ukoo ule ule wa Earl Manvers, basi ardhi ikawa imezunguka miaka karibu sabini na kurudi mlango ilikotokea. Wakulima wamepungua mno. Maghala kadhaa niliyoyajua yamegeuzwa nyumba za watu wafanyao kazi mijini, na mchana njia ilikuwa kimya. Tulifika Novemba, lakini si siku ya ukaguzi, kwa hiyo tulitembea polepole wenyewe mpaka ukingoni mwa shamba lenye ngano. Vigingi vilikuwepo, vipya, mti wake ungali mweupe. Mjukuu wangu aliniuliza kila ngwe ni ya nani, na nikatambua kwamba sikumjua hata mmoja. Nilimwonyesha tu pahala ambapo mimi nadhani nilisimama na nyundo.

Mwaka uliofuata, kwa kuwa umri wangu hauniruhusu kuahirisha, nilimwomba mwanangu anipeleke Nyeri. Kilima nilikitambua kwa mto upitao bondeni mwake. Shamba moja lililopimwa 1957 limekwisha gawanywa baina ya watoto na wajukuu, likawa vipande vyembamba vitelemkavyo kutoka juu hadi bondeni, kila kimoja na chai yake, mahindi yake na migomba yake, na wenyewe waliniambia kuwa hati iliyoko sandukuni ingali ina jina la babu yao. Nilipouliza habari za bibi aliyekuwa akipanda nduma, hawakumjua. Tuliteremka mpaka majini. Hapo, katikati ya shamba la mtu, pasipo na mpaka wowote katika ramani tuliyoichora sisi, palikuwa na itoka, majani yake mapana, limetoa maua, na nduma upande wake wa kushoto.