Kibisi kwenye wavu wangu

Februari moja nilipopandisha wavu bwawani Hombolo, kulikuwa na perege sita na kibisi wawili. Perege walikuwa bado wanapigapiga. Kibisi walikuwa wameshakufa maji.

Watu wengi hapa Dodoma humwita ndege huyu bata mdogo. Si bata. Nilipomkatia mmoja nyuzi niliushika mguu wake: hauna utando, ila kila kidole kimepanuka kama jani, na miguu yenyewe imeota nyuma kabisa, karibu na mkia. Nchi kavu hujikokota kwa shida. Majini huzama bila kishindo, akaibukia usikotazamia. Kuzama huko ndiko kunakomnasisha kwenye nyavu zetu.

Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, si ndio wanaotumalizia samaki?" Nikampasulia mmoja pale pale mtumbwini. Tumboni mlikuwa na wadudu wa maji, viluwiluwi, na kisamaki kimoja kisichofika hata ukucha wa kidole gumba. Mpwa akanyamaza.

Kando, kwenye matete, kulikuwa na kiota chao, fungu la magugu mabichi linaloelea. Kibisi akiondoka huyafunika mayai kwa magugu, nayo yaliyotagwa meupe hugeuka rangi ya chai. Nikafunua. Mayai manne, ya baridi.

Tangu siku hiyo natega jua likishazama na kupandisha kabla hapajapambazuka, kwa sababu kibisi hutafuta chakula mchana. Matete nayapisha mbali. Na wavu wa timba siugusi kabisa: umepigwa marufuku, na uzi wake hauonekani majini, si kwa samaki si kwa ndege. Zipo siku napata pungufu, sikatai. Wavuvi wenzangu wanaoacha nyavu majini mchana kutwa nawaambia nao wafanye hivyo hivyo.

Kiangazi ndicho kinachonitia hofu zaidi. Mvua zikikatika Aprili, madimbwi ya mbugani hukauka moja baada ya jingine, na kibisi huruka usiku kufuata maji yaliyobaki. Bwawa letu, lililojengwa 1957, huwa mojawapo ya machache yenye maji. Unalala wako kumi, unaamka wamejaa, na nyavu nazo zimebanana humo humo.

Juzi jioni, nikisubiri jua lizame nitandaze wavu, kibisi mmoja alipita na vitoto vitatu mgongoni, vichwa vina milia. Alipozama, vikabaki vikielea, vinamwita, mpaka akaibuka na mdudu mdomoni.