Chipukizi wa Miaka Ishirini na Mbili

Alhamisi ya tarehe 16 Mei 2024 tulikuwa na nafasi ya kujaza kwenye ukurasa wa michezo wa Jumamosi. Mhariri alitaka kitu chepesi. Ligi Kuu England ilikuwa inamalizika Jumapili, basi dawati letu lichague chipukizi wake wa msimu, maneno mia nne, picha moja kubwa, mchezo umeisha. Tulikuwa watu sita mezani. Kwa hesabu yake ilikuwa kazi ya dakika kumi.

Tatizo ni kwamba usiku wake wagombea wote wawili walikuwa wamefunga. Cole Palmer alipiga kichwa kule Brighton, Chelsea ikashinda 2-1. Kobbie Mainoo alifunga Old Trafford, Manchester United ikaichapa Newcastle 3-2. Mechi zilikwenda karibu kwa wakati mmoja, na kibanda umiza cha mtaani kwetu kiliwasha televisheni mbili, watu wamekaa kwenye mabenchi wakigeuza shingo huku na huku kama wanaangalia tenisi. Kwa hiyo asubuhi ile kila mtu alifika ofisini sauti imekauka na upande ameshachagua.

Nianze na Palmer, maana huyo ndiye niliyempigia kura.

Chelsea walimnunua kutoka Manchester City siku ya mwisho ya dirisha la usajili, Septemba 2023, kwa ada iliyoanzia pauni milioni 40. Wakati huo hakuwa amefunga bao hata moja la ligi akiwa na City. Alikuwa ameifungia kwenye Ngao ya Jamii na kwenye Super Cup ya Ulaya mwezi uleule wa Agosti, lakini ligi bado. Akaenda kwenye klabu ambayo kwa misimu miwili ilikuwa imemwaga zaidi ya pauni bilioni moja kununua wachezaji, wengine kwa bei zinazokutia kizunguzungu. Msimu ulipofungwa alikuwa na mabao 22 na pasi za mabao 11. Chelsea nzima ilifunga 77. Piga hesabu mwenyewe: katika kila mabao kumi, zaidi ya manne yalipita kwenye mguu wa kijana huyu. Timu ilimaliza ya sita. Bila yeye sijui tungekuwa tunaizungumzia ikiwa nafasi gani, na sina hamu ya kuwaza.

"Ondoa penalti," akasema mzee wa dawati, mtu aliyeanza kuandika mpira wakati picha zinaletwa ofisini kwa bahasha. "Ondoa penalti halafu tuongee."

Ni kweli, tisa kati ya mabao hayo 22 ni penalti. Mitandaoni walishampa majina ya kila aina kwa sababu hiyo. Lakini mimi huwa sielewi dharau hii ya penalti. Tunaongea kama vile ni sadaka inagawiwa mlangoni. Kumbuka usiku wa Everton, tarehe 15 Aprili, pale Stamford Bridge. Palmer alikuwa ameshafunga matatu ndani ya nusu saa: moja kwa kushoto, moja kwa kulia, moja kwa kichwa. Kipindi cha pili ikapatikana penalti, na Noni Madueke na Nicolas Jackson wakaanza kugombea mpira kama watoto wanaogombea baiskeli. Wanasukumana mbele ya uwanja mzima! Ilibidi nahodha Conor Gallagher aingilie, auchukue mpira na kumkabidhi mwenyewe. Palmer akapiga, nne. Mechi ikaisha 6-0 na Mauricio Pochettino akatoka amekasirika pamoja na ushindi wote ule. Mimi nilichokiona pale ni timu ya watu wenye bei kubwa wanaotamani heshima ya kufunga, na mmoja tu ambaye alikuwa ameibeba heshima hiyo wakati mambo ni magumu. Penalti yake ya kwanza ya ligi, kule Burnley mwezi Oktoba, hakukuwa na msongamano wa namna hiyo.

"Sawa dada," mzee akasema, "lakini huyo ana miaka 22. Chipukizi gani ana miaka 22?"

Alikuwa ametimiza siku kumi nyuma, tarehe 6 Mei.

Hapo upande wa Mainoo ukapata nguvu, na lazima niseme walikuwa na hoja. Mainoo alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 19, Aprili. Aliumia kwenye maandalizi ya msimu kule Marekani, akakosa miezi yote ya mwanzo, na mechi yake ya kwanza kuanza kwenye ligi ilikuwa ugenini kwa Everton, tarehe 26 Novemba. Mechi ile watu wanaikumbuka kwa tikitaka ya Alejandro Garnacho. Ukiirudia kwa utulivu utamwona kijana wa miaka 18 anapokea mpira akiwa ameipa kisogo nusu ya uwanja, anageuka, anatoa, anaomba tena. Kiungo wa kati kwenye timu iliyokuwa inavuja kila upande. United walimaliza wa nane mwaka ule, na si kwa bahati mbaya. Kumweka mtoto pale ni kama kumpa mtu usukani wa daladala iliyokatika breki na kumwambia abiria wasijue.

Kisha kuna yale mabao. Tarehe 1 Februari, Wolves wamesawazisha kuwa 3-3 dakika za nyongeza, kila mtu kichwa chini, na Mainoo anaingia ndani ya boksi anawapita watu, anaukunja mpira kona ya mbali dakika ya 97. Aprili akawafunga Liverpool bao la namna ileile ya kukunja. Mabao matatu tu ya ligi kwa msimu mzima, lakini kwa nafasi anayocheza, kuhesabu mabao ni sawa na kumpima mpishi kwa idadi ya sahani alizoosha.

Kura zikawa tatu kwa tatu.

Kilichotukwamisha ni kwamba kila mtu alikuwa na maana yake ya neno chipukizi, na hakuna aliyekuwa amelisema wazi. Mzee alimaanisha umri. Mimi nilimaanisha mtu aliyechomoza, ambaye Agosti humjui na Mei huwezi kuutaja msimu bila kumtaja. Mwenzetu wa usanifu wa kurasa, ambaye ni United damudamu, alimaanisha mtoto wa nyumbani, aliyelelewa na klabu yake. Kila maana inakupa mshindi tofauti.

Na wenzetu wa England wenyewe hawajawahi kukubaliana. Chama cha wachezaji, PFA, kinahesabu walio na miaka 21 au pungufu msimu unapoanza. Ligi Kuu yenyewe inakwenda mpaka 23. Ndiyo maana msimu wa 2022/23 Erling Haaland, mabao 36, alikuwa mchezaji bora na mchezaji bora kijana wa Ligi Kuu kwa wakati mmoja, huku PFA wakimpa tuzo ya kijana Bukayo Saka. Zamani PFA nao walikuwa na 23, na hapo ndipo unakutana na vichekesho. James Milner alianza kucheza Ligi Kuu akiwa Leeds mwaka 2002, miaka 16. Tuzo ya mchezaji kijana aliipata 2010, akiwa Aston Villa, mzoefu kabisa ambaye mashabiki wengine walishamchoka. Gareth Bale aliichukua 2013, mwaka uleule aliochukua na ile ya wakubwa. Miaka sita ndani ya Tottenham, bado "kijana". (Kwetu umri ni mjadala mwingine kabisa. Mchezaji ana umri wa mpira na umri wa nyumbani, na mama yake pekee ndiye anajua tofauti.)

Sasa, mezani kulikuwa na mtu mmoja ambaye tangu asubuhi hajasema kitu. Ofisi nzima tunamwita Dogo. Alikuwa korespondenti, yaani analipwa kwa stori inayotoka. Isipotoka, amefanya sadaka. Mwaka wake wa nne. Kurasa za mpira wa Ulaya za Jumatatu ni zake karibu zote, jina lake linaandikwa kwa herufi ndogo chini. Alikuwa amempigia Palmer, na mhariri akamuuliza kwa nini, nadhani kwa ajili ya kupata mtu wa kuvunja sare tu.

Dogo akasema: "Kwa sababu aliondoka, bosi."

Akaeleza, taratibu, kama anasoma. Palmer yuko City tangu mtoto. Ni klabu bora duniani, wamechukua makombe matatu msimu mmoja, na kila mtu pale anamwambia ana kipaji, asubiri. Pep Guardiola mwenyewe alikuja kusema kwamba kijana alikuwa anaomba kuondoka kwa misimu miwili. Riyad Mahrez ameondoka, nafasi inaanza kuonekana, na bado kijana anasema hapana, naenda. Mainoo alipewa nafasi na akaitumia vizuri sana, Dogo hakubisha. "Lakini mwingine aliambiwa yeye ni wa kesho kila siku, mpaka akaenda kutafuta leo yake sehemu nyingine. Angebaki pale angekuwa chipukizi mpaka ana miaka 25."

Kimya kidogo. Mzee akakohoa.

Mimi nilijua anachokisema, kwa sababu neno hilo limenipitia. Mwaka wangu wa sita kazini, nikiwa na miaka 30 na mtoto anayeanza shule, nilipewa cheti cha mwandishi chipukizi wa habari za michezo na taasisi moja ambayo siitaji. Nilikipokea, nikapiga picha, nikashukuru. Kwa miaka yote sita mkataba wa kudumu ulikuwa "unashughulikiwa", na sababu iliyotolewa kila mara ni kwamba bado nakua. Chipukizi ni neno tamu likiwa kwenye kikombe. Likiwa kwenye orodha ya malipo ni bei ya chini. Mtu akiwa mpya miaka minne, sita, kuna mahali pesa inaokolewa, na Dogo alikuwa ameiona hesabu hiyo mapema kuliko nilivyoiona mimi.

Mhariri akachagua Palmer. Hakusema amekubaliana na nani. Picha kubwa ikawa ya Palmer, na mwenzetu wa kurasa akamwekea Mainoo picha pembeni ambayo, ukiipima kwa rula, haikuwa ndogo sana.

Siku chache baadaye Ligi Kuu nayo ilikuwa imempa Palmer, na Agosti PFA wakampa. Lakini Jumamosi ya tarehe 25 Mei Mainoo akafunga Wembley, fainali ya Kombe la FA, United 2 City 1, na kundi letu la WhatsApp likawaka moto mpaka usiku. Mzee aliandika neno moja tu: "Penalti?"

Kisha ikaja Berlin, 14 Julai, fainali ya Euro. Mainoo alianza. England wakiwa nyuma bao moja, dakika ya 70 kibao kikanyanyuliwa: anatoka Mainoo, anaingia Palmer. Dakika tatu baadaye Palmer akasawazisha kwa kushoto kutoka nje ya boksi. Hispania wakashinda 2-1, na bao lao la kwanza lilitengenezwa na Lamine Yamal, ambaye alikuwa ametimiza miaka 17 siku moja kabla. Oktoba Tuzo ya Kopa, ya walio chini ya miaka 21, akaichukua Yamal. Mainoo alikuwa wa tatu. Palmer alikuwa ameshapita umri.

Tangu hapo njia zimeachana. Palmer alifunga mawili kwenye fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2025, PSG wakilala 3-0. Mainoo, chini ya Ruben Amorim, akajikuta benchi, na msimu wa 2025/26 ulipoanza alikuwa anaangalia mechi za ligi akiwa amevaa koti. Mwenzetu wa kurasa bado anamtetea, na namheshimu kwa hilo. Mimi kura yangu ilikuwa ya msimu mmoja, ule wa 2023/24, na ingekuwa ileile hata kama mambo yangegeuka kinyume.

Dogo aliondoka Septemba ile. Redio moja ilimpa mkataba wa miaka miwili, wenye bima na likizo. Alipokuja kuaga, mhariri alimpa mkono akasema tunampoteza chipukizi wetu. Dogo akacheka, akamwambia, "Bosi, mwezi ujao nafikisha 28," kisha akauliza stori zake tatu za Agosti zitalipwa lini.