Mtamba Auzwe kwa Ajili ya Upara?

Msomaji mpenzi, ungekuwa wewe ungefanyaje? Kifungua mimba wangu, mwenye umri wa miaka 27, alifika hapa Kabazi kutoka Nakuru akiwa amevaa kofia. Akala nayo. Mama yake alipomwamuru aivue wakati wa sala, tuliona kilichokuwa kikifichwa: nywele zimerudi nyuma pande zote mbili za kipaji, na utosi unang'aa.

"Baba," akaniambia tulipobaki wawili, "kuna kliniki Nairobi ambako hudunga seli shina kichwani. Akiba yangu haitoshi. Nilikuwa nafikiri yule mtamba..."

Sikumcheka. Mimi nilipata upara kabla sijaoa, nami najua vicheko vya ndani ya matatu vinavyochoma. Lakini mtamba mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi saba! Nikaomba wiki mbili, nikaenda kumwona daktari wa ngozi, nikasoma.

Seli shina ni seli zinazozaa seli nyingine. Kila unywele una zake, na ndizo huuotesha upya ukidondoka. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walilinganisha ngozi yenye upara na yenye nywele kutoka vichwa vya wanaume wale wale. Wakakuta seli shina zingali pale pale! Zilizopungua ni zile zinazozaliwa nazo ili kujenga unywele. Mkulima wa mahindi atanielewa: mbegu imo ardhini, ila haichipui. Homoni ya kiume inachangia sana, kwa aliyerithi udhaifu huo (wala si kwa mama pekee, kama tunavyopenda kuwasingizia).

Je, kliniki hizo huuza nini? Nyingi hutoa mafuta au damu ya mteja mwenyewe, huyatengeneza, kisha humdunga utosini. Majaribio yapo, mengine ya kutia moyo, lakini ni madogo. Idara ya Marekani inayosimamia dawa haijaidhinisha tiba hata moja ya seli shina kwa upara wa kurithi. Iliidhinisha minoksidili ya kupaka mwaka 1988 na vidonge vya finasteridi mwaka 1997, na hizo nazo ukiziacha, nywele hudondoka tena.

Nilimweleza hayo yote. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza bei ya ile ya kupaka.

Mtamba alizaa ndama jike. Kijana alikuja kumwona bila kofia, na mama yake akasema amefanana na marehemu babu yake. Mpaka sasa hatujui kama alikuwa akimsifu.